Tangi Refu la Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Milimita. Jina alilopewa na wazazi lilishakufa, likazikwa, nyasi zikaota juu yake. Alikuwa fundi vioo, na jicho lake lilikuwa kali kupita kiasi. Siku moja alisimama ng'ambo ya barabara, akatazama dirisha la ghorofa ya tatu, akasema, "Kile kioo kimezidi milimita mbili upande wa kushoto." Hata hajafunga mdomo, kioo kikapasuka chenyewe kwa aibu. Wapo wanaobisha. Hao hawakuwapo.

Nyumba yake ilibanwa kati ya duka la rangi na ghala la saruji, katika upenyo ambao mtu mwingine angeweka mapipa ya taka. Ilikuwa nyembamba mpaka paka akitaka kugeuka alitoka nje, akageukia barabarani, ndipo akaingia upya. Vyumba vilikuwa viwili, vimefuatana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa cha kazi, vioo vimeegemezwa ukutani kutoka mlangoni hadi dari. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, na humo ndimo alimolala mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, wakamwita Mama Pindo kwa sababu hakuna mkono uliopinda gauni kama wake. Mtoto hakujaliwa. Akiulizwa, alijibu kwamba amezaa magauni elfu tatu na hakuna hata moja lililowahi kumtukana. Ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Halafu asubuhi moja, yuko kwenye cherehani, mkono ukasimama na mguu ukaendelea kukanyaga. Milimita akasikia mashine inakimbia bila kituo, akaingia, akamkuta uzi umejisokota mbele yake ukawa kichuguu, na mdomo umekwenda upande.

Ni kiharusi. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi kumi na mmoja, naye amelala kwa ubavu wa kulia, maana akilazwa chali anapaliwa na kushoto ana kidonda. Hakusema tena neno. Aliachiwa macho, nusu ya uso na kidole kimoja. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwanamke aliyekuwa akisema kuanzia jogoo la kwanza, sasa akabaki na maneno mawili.

Mambo yaliharibika zaidi alipoanza kuufunga mdomo. Kijiko kikija, anaubana. Mwanzoni walidhani uji ni moto, kisha wakadhani hauna sukari. Muuguzi wa kliniki akaja, akamtazama mashavu yalivyobonyea, akasema kuna njia ya mpira, unapitishwa puani mpaka tumboni. Mama Pindo akafumba mara mbili. Muuguzi akaeleza tena, pengine hakuelewa. Akafumba mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayebamiza mlango.

"Basi," muuguzi akamwambia Milimita kule chumba cha mbele, "ni kijiko au hakuna. Akikataa kijiko, hafiki mbali, baba."

Aliyeshika kijiko mara nyingi alikuwa mdogo wake Mama Pindo, muuza mitumba, mwanamke mnene wa vicheko, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. Kila adhuhuri alifunga meza yake, akaja kumwosha dada yake, kumgeuza, kumlisha na kumpasha habari za watu. Ni yeye aliyekuwapo siku ile walipompeleka Mama Pindo kliniki kusafishwa kidonda, wakawekwa kusubiri karibu na tangi la samaki. Tangi lenyewe lilikuwa pana kama jeneza, na samaki wadogo wekundu walikuwa wakienda na kurudi, kwenda na kurudi. Mama Pindo akawatazama saa nzima. Redio akajaribu kijiko cha uji hivi hivi, bila matumaini. Mdomo ukafunguka. Ukafunguka tena. Kikombe kizima kikaisha.

Redio alirudi anapiga kelele toka mwanzo wa mtaa. "Shemeji! Amekula! Nakwambia amekula mpaka nikaogopa atakula na kijiko!"

Milimita alichomoa futi ya chuma mfukoni, akaenda chumba cha nyuma, akapima nafasi iliyokuwa mbele ya macho ya mkewe, kati ya kabati na ukuta. Sentimita thelathini na nne. Nyumba ile haikuwa na nafasi nyingine. Upana hakuna, lakini kwenda juu, hata mbinguni hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Akajenga tangi la kwenda juu. Alikuwa na milango minne ya vioo vizito iliyotolewa kwenye duka lililofungwa, akaikata, thelathini kwa thelathini, kimo mita moja na sentimita ishirini. Alijua kwamba maji yakisimama marefu yanasukuma chini kama ng'ombe aliyetiwa hasira, na hilo ndilo aliloliogopa. Akaweka kioo cha milimita kumi, akagundisha, akagundisha juu ya gundi, akafunga mikanda ya alumini. Akajaza maji hadi ukingoni, kwa kuwa kioo kisicho na maji nyuma yake, kwake yeye, kilikuwa kioo kilichopotea bure. Siku mbili akalala chini na karatasi kavu akitafuta tone. Halikutoka tone. Alijikinga na simba barabara, na siafu wakamwingilia mlango wa nyuma.

Redio akalitazama. "Shemeji, hili ni tangi au umemjengea dada yangu mnara wa simu?"

"Litashika."

"Kushika litashika. Samaki wenyewe watapanda kwa ngazi?"

Mama Pindo, kitandani, nusu ya uso ikasogea. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake siku hizo, na Milimita akakipokea kama malipo.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kifua kibovu, akikohoa kwa zamu na mashine zake za hewa, wakamwita Mama Mapovu. Alimwuliza mteja wake swali moja tu: tangi lako linabeba lita ngapi?

"Mia na nane," akasema Milimita, kwa fahari, maana alikuwa amezihesabu mpaka kikombe cha mwisho.

"Lita mia! Basi una bahari. Chagua."

Akachagua kama mtu aliyefunguliwa geti. Akachukua neoni kumi na wawili, wale wenye mstari wa buluu unaowaka, wekundu sita wa mkia mrefu, na kambare wanne wadogo wenye masharubu, wa kufagia chini. Akachukua na kimashine cha hewa, kidogo kama sabuni ya kuogea. Akawabeba nyumbani kwenye mifuko ya nailoni, akitembea polepole kama aliyebeba mayai ya mfalme.

Adhuhuri ile Mama Pindo alikula kikombe kimoja. Kesho yake kikombe na nusu. Redio akaimba. Milimita akauza kioo cha kabati kwa bei ya kutupa, kwa furaha tu.

Siku ya tatu samaki wote walikuwa juu. Wekundu, neoni, hata kambare wa chini, wote wameshikana pale ukingoni midomo nje, wanameza, wanameza, kama watu waliofungiwa chumbani wanaogombania tundu la ufunguo. Kimashine kilikuwa kinanguruma, lakini kilishindwa kusukuma hewa hadi chini, kikawa kinatema mapovu mawili matatu juu juu. Mchana wakaanza kushuka. Neoni aliyekufa haanguki kama jiwe. Anateremka taratibu, anageuka tumbo, anapita mbele ya macho ya mtu aliyelala kwa ubavu, anaendelea kwenda zake. Walipita kumi na mmoja. Mama Pindo aliwasindikiza mmoja mmoja, na kijiko kilipokuja, mdomo ulikuwa umefungwa.

"Umemletea msururu wa maiti," akasema Redio, na safari hii hakucheka. "Alikuwa anakula, shemeji. Alikuwa anakula!"

Milimita akaenda chini ya ngazi na ndoo ya waliosalia na kopo la samaki wafu, akalibwaga kopo mezani.

"Umeniuzia wagonjwa."

Mama Mapovu akakohoa, akapekua maiti kwa kidole. "Hawa hawakuumwa. Hawa wamekosa pumzi. Tangi lako likoje?"

Akamwonyesha kwa mikono, mmoja kiunoni pembeni, mmoja juu ya kichwa. Mama Mapovu akaketi.

"Baba wewe. Kwa nini hukusema?"

"Uliuliza lita."

"Niliuliza lita kwa sababu watu wenye akili hawajengi bomba! Sikiliza. Samaki hapumui lita. Anapumua uso wa maji. Hewa inaingilia pale juu, hakuna mlango mwingine. Huko chini kote ni stoo. Wewe umejenga ghorofa kumi na mbili lenye mlango mmoja, ukapangisha watu ishirini na wawili."

Milimita akatoa futi, akapima hewani, thelathini kwa thelathini. Ilikuwa sahani. Aliyekuwa akipima vioo vya watu miaka arubaini hakuwahi kupima kioo cha juu, kile ambacho hakuna anayekikata, kwa kuwa ni maji yenyewe. Masikio yakamwaka moto.

"Mtu wangu halali njaa kwa kukosa chakula," akasema hatimaye. "Anakula akiwatazama. Wakifa, anafunga mdomo. Nipe wasiokufa."

Mama Mapovu akamtazama, akaacha mzaha. Akamweleza kwa utulivu. Kwenye tangi la kimo, usichukue samaki wa mbio, maana hana pa kukimbilia. Usichukue kundi. Chukua samaki ambaye mwili wake ni kimo pia, anayepanda na kushuka bila haraka. Akamwonyesha samaki waitwao malaika: wembamba ukiwatazama kwa mbele kama sarafu iliyosimamishwa, lakini ubavuni wapana, mapezi yameburuta juu na chini, milia myeusi juu ya fedha.

"Wawili," akasema. "Mmoja ni bora. Hawa wakiwa wadogo ni wapole, wakikua wana tabia zao."

Milimita akafikiri. Mmoja akiwa juu, mke wake ataona maji matupu. Wawili wakiwa chini, vile vile. Watatu, mmoja juu, mmoja kati, mmoja chini, daima atakuwapo wa kupita mbele ya macho yake. Kwa hesabu ilikaa sawa kabisa.

"Nipe watatu."

"Mchagua nazi hupata koroma," akasema Mama Mapovu, lakini akawafunga. Akamwongezea mashine kubwa yenye pumzi ya kufika chini.

Hapo ndipo zilipofuata wiki sita nzuri. Malaika walipita mbele ya Mama Pindo kama mabibi harusi wanaojaribishwa nguo, na yeye akawatazama kwa jicho la fundi, akifuatisha mapindo ya mapezi yao kutoka ncha hadi ncha. Alikula. Si sana, kikombe, siku nyingine kikombe na vijiko vinne. Muuguzi akampapasa shavu, akasema haya, haya. Redio akatangaza sokoni kwamba dada yake amenenepa hadi kitanda kinalia, na aliyetaka kubisha alikosa pa kupenyeza neno.

Kisha wawili wakapendana. Wakachagua bomba la mashine, wakalisafisha kwa midomo, jike akataga mayai juu yake, na kuanzia asubuhi hiyo wa tatu akawa adui. Katika tangi pana mnyonge hukimbilia pembeni, akajibanza, maisha yakaendelea. Tangi la kimo lina juu na chini, kando halina. Akishuka wanamfuata. Akipanda wanamfuata. Mapezi yake yalichanika yakawa nyuzi. Jicho moja likaota ukungu. Akabaki amesimama kwenye kona moja, usawa wa mto wa Mama Pindo, akipepesuka.

Macho ya Mama Pindo hayakutoka kwake. Kijiko cha adhuhuri alipokea nusu, kijiko cha jioni akakataa.

"Mtoe," Redio akasema.

Milimita akachukua wavu, akapanda kwenye kiti, akaingiza mkono hadi kwapani. Mkono haukufika. Akaenda kufunga wavu kwenye fimbo ya pazia, akapima urefu, akakata, akafunga kwa waya vizuri kama kila alichofunga maishani, na aliporudi malaika alikuwa amelala chini kabisa, na wale wawili wanamdonoa. Fimbo ikapinda majini. Kila alipomgusa, aliteleza. Siku mbili maiti ilibaki pale chini ya usawa wa kitanda. Siku ya pili wale wawili wakageukia mayai yao wenyewe, wakayala yote.

Redio akasonya. "Hawa ndio malaika? Basi mimi mnizike upande wa mashetani, huenda kuna ustaarabu."

Mama Pindo hakusogeza uso. Akabana mdomo, siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa.

Milimita aliwarudisha wauaji wake kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda cha Mama Mapovu, mikono imelowa, akasema, "Nimekosea tena." Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Mama Mapovu akafunga duka, akakohoa njia nzima, akaja kuona kwa macho yake.

Alisimama mbele ya tangi, akasimama mbele ya kitanda. Akamsalimu Mama Pindo kwa heshima, akamwambia yeye ndiye mwenye samaki, amsamehe. Mama Pindo akafumba mara moja. Kisha Mama Mapovu akamgeukia fundi.

"Punguza maji."

"Kiasi gani?"

"Nusu. Yafike usawa wa macho yake. Uso wa maji uwe pale anapoona."

Ilimchoma. Sentimita sitini za kioo cha milimita kumi, zimesimama juu ya maji bila kazi, kama kola ya shati la mtu aliyekonda. Lakini alivuta maji kwa mpira, ndoo baada ya ndoo, na Redio akazimwaga nje bila kusema neno, jambo ambalo majirani walilitolea ushahidi kwa wiki nzima.

Samaki wa mwisho alikuwa mmoja. Buluu iliyokolea, karibu kuwa nyeusi, mapezi marefu kuliko mwili. Mama Mapovu alieleza kwamba wa namna hii ana mapafu yake ya siri, anapanda juu na kuvuta hewa kwa mdomo kama binadamu, hata mlango uwe mdogo vipi unamtosha. Mwenzake hataki, atamwua. Kukimbia hataki. Anataka jani pana karibu na uso wa maji, alale juu yake apumzike, apande avute pumzi moja, arudi. Wakamwekea jani.

Na huyo alikuwa sawa. Hatimaye. Siku ya kwanza sawa, siku ya tatu sawa, siku ya saba sawa. Alilala kwenye jani lake, akapanda, akavuta, akarudi, pale pale mbele ya macho ya Mama Pindo, umbali wa mkono. Mama Pindo alimtazama tangu asubuhi. Kunyanzi la paji lake lililegea. Na mdomo haukufunguka. Alikubali maji ya pamba midomoni, basi. Mifupa ya bega lake ilianza kuonekana juu ya shuka kama kiango cha kutundikia nguo.

Siku ya nane Milimita akapiga magoti kando ya kitanda.

"Samaki huyu ni mbaya?"

Mara mbili.

"Unampenda?"

Mara moja.

"Taa inakuumiza? Maji yananuka? Nimsogeze?"

Mara mbili, mara mbili, mara mbili.

"Nikuletee mwingine?"

"Shemeji," Redio akasema kutoka mlangoni, sauti imepasuka. "Samaki huyo hana kosa. Mwulize habari zake yeye. Tangu hapo unamwuliza habari za samaki, kama ndio wanaoumwa."

Mashine ikanguruma. Milimita alikuwa na maswali mengi ya vipimo, na lile moja alikuwa amelizunguka miezi mitatu kama mtu anayezunguka shimo gizani, akijua lilipo.

"Una njaa?"

Mara mbili.

"Utakula kesho?"

Mara mbili.

"Utakula tena?"

Mama Pindo akafumba, akafumbua, akafumba. Polepole, ili isije ikasemwa kwamba ilikuwa kope imecheza.

"Unajua maana yake?"

Mara moja.

Alikaa chini kabisa, mgongo ukutani. Akauliza lile ambalo hakutaka jibu lake. "Zile wiki za malaika. Ulikuwa unakula kwa ajili yangu?"

Mara moja.

"Na kule kliniki? Siku ile ya kwanza?"

Mara mbili. Kule alikula kwa ajili yake mwenyewe. Kikombe kimoja. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya kumfurahisha fundi aliyehangaika.

"Mimi sikubali," akasema Redio. Alikuwa ameshika bakuli. Alipita juu ya miguu ya Milimita, akaketi kitandani, akatia kijiko kwenye midomo iliyobanwa. "Kula, dada. Kula, usinifanyie hivi, nani atanisikiliza mimi? Fungua." Uji ukateremka kidevuni, ukaingia shingoni. Akachota kingine. Mama Pindo alimtazama tu, na machozi yakatoka kwenye lile jicho la upande mzima.

Milimita akainuka, akamshika mkono.

"Unamwua dada yangu!"

"Mwulize mwenyewe."

Redio akamfuta dada yake kidevu, shingo, nyuma ya sikio. Ndipo akainama karibu, akanong'ona kitu, na Mama Pindo akafumba mara moja. Redio hakuwahi kumwambia mtu aliuliza nini. Ni habari pekee aliyoweza kuiweka siri maisha yake yote.

Tangu hapo hawakuleta kijiko. Walimlowesha midomo, wakampaka mafuta, wakamgeuza kidogo alipoashiria. Milimita alifunga chumba cha mbele, mteja akigonga anaambiwa fundi hayupo, ijapokuwa nyumba ile huwezi kujificha ndani yake hata ukiwa sindano. Redio hakufungua meza ya mitumba. Alikaa na kuongea. Aliongea habari zote alizowahi kuzisikia na nyingi ambazo hazijawahi kutokea, kutoka chai ya asubuhi hadi taa zinapowashwa, na sauti ikamkauka akabaki kukwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Mara nne walihesabu nusu ya uso wa Mama Pindo ikisogea. Samaki alipanda, akavuta pumzi, akarudi kwenye jani. Hakuna aliyemtazama sana.

Siku ya tisa tangu kijiko kiachwe, mchana, Redio alikuwa anasimulia habari za mlinzi wa kiwanda cha magodoro. Mlinzi huyo alisinzia kazini ndani ya godoro lililokunjwa, wenzake wakalifunga nailoni bila kuangalia, wakalipakia, likauzwa likapelekwa kwa mteja, mama mmoja mjane mkali asiyependa mchezo. Mama mjane akaliingiza chumbani, akachukua kisu, akakata nailoni, na godoro likaanza kufunguka lenyewe.

Redio akakomea hapo. Alikuwa amemtazama dada yake usoni.

Milimita naye aliona. Alimwekea mgongo wa mkono puani, akauacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauondoa. Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Malizia," akasema Milimita.

Redio akatikisa kichwa.

"Malizia, shemeji. Usimwachie katikati."

Redio akashusha mikono.

"Basi godoro likafunguka," akasema. "Mlinzi akaviringika mpaka miguuni kwa yule mama, na rungu lake, na kofia yake. Akaamka akapiga saluti. Yule mama akamtazama juu, akamtazama chini, akamgeukia dereva. Akamwuliza, 'Na huyu yumo humo humo kwenye bei?'"

Milimita alicheka, kicheko kibaya kama kioo kinachokatwa bila mafuta, na Redio akacheka naye, na kwa dakika nzima hawakuweza kuacha. Halafu Milimita alisimama, akapangusa uso kwa kiganja. Akashika miguu, Redio akashika mabega, wakamnyoosha Mama Pindo polepole, kwa sababu bado alikuwa na joto, na wote wawili walijua baadaye ingekuwa vigumu.